Atakayeshika Kazi Zangu

Siku mbili kabla ya sikukuu, saa nne asubuhi, Mama Vifaa alikuwa stoo akijaza fomu za likizo za uongo. Mbele yake alikuwa na kalamu tano za rangi tofauti, sahani ya chai ya rangi iliyopoa ya kuchovyea karatasi ili zionekane za zamani, na pasi ya kuzikaushia. Fomu zilikuwa thelathini na mbili. Moja aliijaza kwa mkono wa kulia, iliyofuata kwa mkono wa kushoto, isije ikaonekana ofisi nzima ina mwandiko mmoja.

Kazi yake ilikuwa kutafuta, kutengeneza na kutunza kila kitu kinachoshikwa mbele ya kamera za stesheni ile ya televisheni. Ndiyo maana wote walimwita Mama Vifaa, hata waliomzidi umri. Kwenye stoo yake kulikuwa na simu kumi na moja zisizo na waya, mikono mitatu ya plasta, na keki ya sponji ya godoro iliyopakwa rangi vizuri kiasi kwamba wageni wawili walishaing'ata.

Kipindi kilichokuwa kinamkimbiza kiliitwa Faili Halionekani. Kilikuwa cha vichekesho, kuhusu masijala ya ofisi moja ambamo faili likitafutwa halipatikani, na lisipotafutwa liko juu ya meza. Watu walikipenda kupita kiasi. Ofisi za kweli ziliandika barua kulalamika kwamba zimesemwa, na Mama Vifaa akazitia barua hizo kwenye mafaili ya kipindi, maana karatasi ni karatasi.

Kila mwaka kulikuwa na kipindi cha sikukuu. Mwandishi wake hakuweza kuandika lolote kuhusu sikukuu mpaka zibaki siku tatu. Basi kilirekodiwa siku ya sikukuu yenyewe kuanzia asubuhi, na kikarushwa saa mbili usiku siku hiyohiyo. Safari hii hadithi ilikuwa hivi: Mkuu wa Masijala, ambaye tangu azaliwe hajamsainia mtu likizo, anaamka na moyo mweupe, anasaini fomu zote kwa mpigo, halafu anajikuta peke yake na kaunta imejaa watu.

Fomu zilipaswa kusomeka. Mwaka uliopita mwalimu mmoja mstaafu alisimamisha picha kwenye televisheni yake, akaona mafaili yote yana jina moja na tarehe moja ya kuzaliwa, akaandika kurasa nne kwamba anadharauliwa. Tangu hapo Mwongozaji hakutaka utani na karatasi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye haraka, aliyevaa saa mbili kwenye mkono mmoja, moja ikiwa mbele kwa dakika kumi, na hiyo ya mbele ndiyo aliyoiamini.

Sasa, kubuni majina thelathini na mbili si mchezo. Mama Vifaa alibuni manne, la tano likagoma. Akaenda getini, akanakili orodha ya wafanyakazi iliyobandikwa kibandani kwa mlinzi, akarudi nayo. Juu akaweka fomu ya mpiga picha, ikafuata ya fundi sauti, ya fundi taa, za waigizaji, ya mpambaji, ya mhariri, ya mlinzi mwenyewe, mpaka ya Mwongozaji.

Chini ya kila fomu palikuwa na mstari unaosema: Atakayeshika kazi zangu nikiwa likizo. Hapo aliandika jina lake. Hakuwa na nia yoyote. Jina linaloandikika haraka kuliko yote ni la mtu mwenyewe, na muda ulikuwa umembana.

Fomu ya mwisho aliiandika kwa jina lake pia, juu kabisa, panapoandikwa jina la mwombaji. Siku tatu, kuanzia sikukuu. Alipofika kwenye ule mstari wa chini, akashika kalamu, akafikiri, akaona hana wa kumwandika. Akauacha wazi, akaichovya fomu kwenye chai.

Likizo hakuwa nayo. Alikuwa kibarua. Mkataba wake ulikuwa wa miezi mitatu, na ulikuwa umeongezwa miezi mitatu mitatu kwa miaka kumi na moja bila kukosa, na kwa mujibu wa kanuni mtu wa miezi mitatu hajachoka. Hata kwenye majina yanayopita mwisho wa kipindi lake halikuwamo. Orodha ile ilikuwa ya waajiriwa.

Hayo yote angeyameza kama si mumewe. Mume alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Mwaka mzima yuko njiani, ila maghala yakifungwa kwa sikukuu, lori husimama naye hukaa nyumbani siku tatu. Siku hizo tatu ndizo ambazo Mama Vifaa huwa studio tangu alfajiri mpaka hana miguu. Ndoa ilikuwa na miaka tisa, lakini ukizijumlisha saa walizokaa chini ya paa moja wote wakiwa macho, hazifiki miezi minne. Waliongea kwa karatasi kwenye mlango wa friji. Bomba la jikoni nimelikaza. Asante, na shati lako la mistari nimelishona. Jirani mmoja aliamini kabisa kwamba nyumba ile wanaipanga watu wawili wasiojuana, kwa zamu.

Mwaka huu mume alisema kwa simu kwamba hataki zawadi, hataki matembezi, hataki wageni. "Tukae tu, mke wangu," alisema. "Tukae tunywe chai mpaka itupoe mikononi."

Mama Vifaa alilitaka jambo hilo mno. Akaenda kwa Afisa Utumishi kuomba siku moja, moja tu, ya sikukuu yenyewe. Afisa Utumishi akasema atalifikiria, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kulifikiria.

Siku ya sikukuu saa moja asubuhi wote walikuwa studio. Masijala ilikuwa na kuta tatu, dirisha lenye mtaa uliochorwa, na mlango ambao ukiufungua unakutana na ukuta wa matofali. Mkuu wa Masijala aliketi nyuma ya meza kubwa. Mzee huyu alikuwa ameigiza ubosi kwa miaka mingi hivi kwamba hata nyumbani mkewe alimwita Mkuu, na majirani walimpelekea barua zao azipitie. Alikuwa na saini nzuri, ndefu, yenye mkia.

Mwongozaji akasema, "Haya!" Mkuu akafuta jicho kama mswada ulivyotaka, akavuta fomu ya kwanza, akasaini, akagonga muhuri. Mpiga picha akawa hayupo.

Kamera ilibaki inarekodi, imeinamia sakafu kidogo. Mwongozaji akatazama saa zake, akampigia simu. Mpiga picha akapokea kwa adabu. Alieleza kwamba alikuwa ameshika kamera, kisha akawa ameshika kiazi na kisu, yuko jikoni kwake, na watoto wanamparamia. Alivaa viatu arudi kazini, akatoka kwa mlango wa mbele, akajikuta anaingia kwa mlango wa nyuma. Alijaribu mara tatu. Ya nne mama mkwe alimwambia aache kuingiza nzi, akae chini.

"Yuko likizo huyo," alisema Mkuu kutoka mezani. "Nimesaini."

Mwongozaji akaichukua ile fomu, akaisoma mpaka chini.

"Mama Vifaa," akasema. "Kamera."

Mama Vifaa akasema yeye kamera hajawahi kuishika ila kuipangusa vumbi. Lakini alipoweka jicho kwenye kioo, mikono ikajua. Alijua mguu mmoja wa kamera unakwama na unapigwa teke wapi. Alijua Mkuu asipigwe picha upande wa kulia, kwenye chunjua. Hata maumivu ya mgongo ya mpiga picha yalimjia, upande wa kushoto, chini ya mbavu. Picha ilitoka safi, wakaendelea.

Fomu ya pili ikaondoka na fundi sauti. Ya tatu ikaondoka na fundi taa, aliyepiga simu mwenyewe baada ya dakika tano kuomba kwamba kama ni makosa, basi yasisahihishwe. Waigizaji wa makarani walitoweka mbele ya kamera mmoja mmoja, kila mtu akiwa amekwisha kusema maneno yake, na hilo lilimwokolea Mwongozaji muda wa kuwapanga watoke. Mpambaji aliondoka na brashi ya poda ikabaki hewani kidogo, halafu Mama Vifaa akaidaka, akampaka Mkuu paji la uso.

Baada ya fomu ya kumi na mbili Mama Vifaa alisema, kwa upole, kwamba labda zilizobaki ziondolewe, aweke karatasi nyingine. Mwongozaji akakataa. Alisema rundo limeshaonekana, urefu wake unajulikana, na yule mwalimu mstaafu yuko nyumbani ameketi anasubiri. Isitoshe mswada unasema Mkuu anasaini zote.

Basi zikasainiwa. Mama Vifaa alikimbia kutoka kamera hadi swichi za taa, kutoka taa hadi meza ya sauti, vipokea sauti vya masikioni shingoni, brashi sikioni, na funguo za geti zikimgonga pajani. Tusidanganyane, kuna dakika alizoona raha. Miaka kumi na moja alikuwa amesimama pembeni na kikapu cha vikombe akijiambia kwamba taa ile ingesogea kidogo ingependeza. Sasa aliisogeza, na kweli ikapendeza.

Saa saba mchana akafika Afisa Utumishi, ametoka kwake amevaa suti juu ya kandambili. Daftari lake la nyumbani lilikuwa limejiandika lenyewe kwamba wafanyakazi ishirini na sita wako likizo, na hakuna hata karatasi moja iliyopita mezani kwake. Akaomba azione fomu. Akazipanga kwenye kaunta ya masijala, akazisoma moja moja, akautazama muhuri kwa muda mrefu. Muhuri wa kweli wa stesheni ulikuwa umepoteza herufi tatu na haukuwahi kurekebishwa. Huu wa Mama Vifaa, alioukata kwa kisu kwenye soli ya kandambili, ulikuwa na herufi zote.

Akatamka kwamba fomu ziko sawa. Zimejazwa, zimesainiwa, zimegongwa, na kila moja ina mtu wa kushika kazi. Aliongeza kwamba katika utumishi wake hajaona likizo zilizopangwa vizuri namna hii.

Kisha akafungua koti, akatoa fomu yake mwenyewe iliyokunjwa mara nne. Alikuwa anatembea nayo mwaka wa nne sasa. Akaandika jina la Mama Vifaa kwenye mstari wa chini, kwa kuwa wengine wote walifuata utaratibu huo, akaipeleka kwa Mkuu kwa mikono miwili.

"Na yangu je?" Mama Vifaa aliuliza.

Afisa Utumishi akaitafuta chini ya rundo, akaisoma. "Kibarua hana likizo, mama," alisema, bila ubaya wowote. "Lakini fomu ni fomu, siwezi kubishana nayo. Ila mstari huu uko wazi. Nani atabaki?"

Mama Vifaa akatazama studio. Waliokuwapo walikuwa Mkuu, ambaye hawezi kusaini akiwa ndiye anayebaki, na Mwongozaji, ambaye fomu yake ilikuwa ya pili kutoka chini. Afisa Utumishi akamwonea huruma ya kweli, akampigapiga begani, kisha Mkuu akasaini, na pale palipokuwa na Afisa Utumishi pakabaki kandambili moja.

Kazi ya utumishi ikamwingia Mama Vifaa kama zile nyingine. Akajua mafaili yote ya kabati la ghorofa ya pili, na akajua la kwake. Ndani yake kulikuwa na karatasi ya miaka kumi iliyopita, ya bosi mmoja aliyekwisha kuhama, inayosema mwanamke huyu ni mchapakazi, apewe ajira ya kudumu. Chini yake, kwa mwandiko mwingine, paliandikwa: Akiajiriwa atakwenda likizo. Hakukuwa na kitu kingine.

Alikaa kwenye kiti cha karani. Ilimuuma, tena sana, kuliko angesemwa mbele ya watu. Siku zote alidhani wamemsahau. Mwongozaji akamuuliza kama anaumwa. Akasema hapana, ni mgongo.

Wakarekodi mpaka fomu ya thelathini na moja. Mwongozaji aliliona jina lake pale. Nyumbani kwake alikuwa na baba mgonjwa ambaye alizoea kumsikia kwa sauti ya mlango tu. Hakusema tuiruke. Alivua saa moja, ile ya mbele, akampa Mama Vifaa. "Endelea na mswada," alisema, na Mkuu akasaini.

Lilibaki onyesho moja, Mkuu peke yake kwenye kaunta, na baada ya hapo kuhariri, kurusha saa mbili, na kufunga stesheni. Mama Vifaa alipiga hesabu akaona atafika nyumbani mumewe akiwa amelala na yeye mwenyewe akiwa maiti. Na kesho na kesho kutwa hivyo hivyo, maana fomu zote zilikuwa za siku tatu.

Saa tisa alasiri geti likagongwa. Mlinzi alikuwa kwake amelaza miguu kitini, kwa hiyo Mama Vifaa alikwenda kufungua. Alikuwa mumewe, amenyoa, amevaa shati la mistari. Kwa kuwa Mama Vifaa ndiye aliyeshika kazi ya mlinzi, ilimbidi amkague begi. Ndani kulikuwa na flaski na vikombe viwili vilivyofungwa kwa gazeti.

"Nimeona nikikungoja nitazeeka," alisema mume.

Walicheka wote wawili. Mama Vifaa alimshika mkono, akamwingiza, akamkalisha kwenye kaunta ya masijala. Alimweleza kwamba kuna taa moja ya kusogeza na onyesho moja dogo, kisha watapata robo saa nzima kabla ya kuhariri. Robo saa haikuwa haba. Mume akafungua gazeti, akapanga vikombe, kimoja huku kimoja kule. Mama Vifaa akapanda ngazi ndefu mpaka juu, kwenye giza la dari, na bisibisi mdomoni.

Dereva akamwamkia Mkuu shikamoo, Mkuu akaitikia. Wakazungumza barabara, mvua, na bei ya matairi. Kisha dereva akaiona fomu iliyokuwa peke yake mezani.

"Hii ya nani, mzee?"

"Ya mkeo, mwanangu. Ningekuwa nimeshaisaini tangu asubuhi. Tatizo ni huo mstari wa chini, uko wazi."

"Mstari tu?"

"Mstari tu."

Dereva alikuwa mtu wa mizani na vituo vya ukaguzi, na kwa umri wake wote hakuna kitu kilichomkera kama lori zima kuzuiwa kwa sababu ya nafasi moja haijajazwa. Na alimpenda mkewe. Alimwona kule juu, soli za viatu vyake tu, akajiambia leo atamfurahisha. Hakuna aliyemweleza chochote, kwa kuwa waliobaki waliona ni jambo la kawaida. Akachomoa kalamu mfuko wa shati, akaandika jina lake kwa herufi kubwa nzuri.

Mkuu akalisoma, akaridhika, akasaini na mkia wake, akagonga muhuri. Bisibisi ikaanguka kutoka juu. Ngazi ilikuwa tupu.

Mama Vifaa alikuwa ameketi sebuleni kwake, kwenye kochi la watu wawili, vipokea sauti bado shingoni. Nyumba ilikuwa imefagiliwa. Mezani kulikuwa na kitambaa kipya. Alielewa kabla hajasimama, lakini alisimama. Akatoka mbio kwa mlango wa mbele, akaingia jikoni kwake. Akatoka tena, akaingia tena. Mara ya tatu alitoka kwa dirisha, akaangukia kitandani. Akalia kidogo hapohapo, kwa hasira, kisha akampigia simu mumewe.

"Uko wapi?" aliuliza.

"Juu ya ngazi. Hii taa uliifunga vizuri sana."

"Umeandika jina lako."

"Niliandika. Nilitaka upate likizo."

Mama Vifaa alitaka kumgombeza, badala yake akavivua vipokea sauti shingoni. "Nimeipata," akasema.

"Umekunywa chai?"

"Flaski unayo wewe."

Upande wa pili alisikia chuma kikigonga chuma, kisha mumewe akisema subiri kidogo, Mkuu anataka poda.

Saa mbili usiku aliwasha televisheni. Faili Halionekani kilikwenda hewani kwa wakati wake. Kilikuwa kizuri, kizuri kuliko vyote vya miaka ile. Makarani walipotoweka mmoja mmoja na kalamu zao zikianguka, mtaa mzima ulisikika ukicheka, dirisha hata dirisha. Mkuu alibaki peke yake kwenye kaunta, akasema maneno yake, akainamisha kichwa. Hapo mswada uliandika mwisho. Lakini kamera haikusimama. Iliondoka taratibu usoni kwa Mkuu, ikapita juu ya mihuri na mafaili, ikafika kwenye vikombe viwili vilivyokaa kaunta, kimoja huku kimoja kule, ikatulia. Chai ilikuwa imemiminwa kwenye vyote. Mvuke ulionekana, kisha ukapungua, kisha haukuonekana tena. Hakuna mwongozaji mwenye akili timamu angeruhusu picha ikae vile muda wote ule.

Majirani walisema hapo hawakuelewa. Mama Vifaa alikaa mbele ya kioo mpaka majina yakaanza kupita. Mpiga picha, fundi sauti, fundi taa, mpambaji, mhariri, wote waliokuwa makwao wakimenya viazi, walipita mmoja baada ya mwingine, na muziki juu yake. Lake halikupita. La mumewe nalo halikupita.

Likizo ilikuwa ya siku tatu, na siku tatu akakaa. Alilala mchana. Alifua mapazia. Alipika chakula cha watu wawili kwa mazoea ya matumaini, akala sahani moja. Mume alipiga simu kila alipopata nafasi, akasimulia kwamba amesoma habari, ametabiri mvua, na amepigiwa simu na mwalimu mmoja mstaafu aliyetaka kumpongeza mtu wa fomu. Sauti yake ilizidi kuchoka. Siku ya tatu alisema mgongo unamuuma upande wa kushoto, hajui kwa nini.

Alfajiri ya siku ya nne Mama Vifaa alitoka kwa mlango wa mbele, akajikuta barabarani kama watu wengine. Walikutana getini. Lori lilikuwa linamngoja mume tangu saa kumi na moja, na simu ya mwenye lori ilikuwa inalia mfukoni mwake. Alikuwa na poda kwenye ukosi wa shati. Walishikana mikono, hawakujua waanzie wapi.

"Kazi zote hizi," mume aliuliza, "wewe unazifanyaje?"

"Moja moja."

"Mimi nilikuwa sijui, mke wangu. Wallahi nilikuwa sijui."

Akamkumbatia, akampa funguo za geti, akaenda. Nyuma yake wafanyakazi walianza kuingia, wamenawiri, wamenenepa kidogo, wakimpa Mama Vifaa heri za sikukuu na kumuuliza yeye alikula wapi.

Siku zake tatu hazikuandikwa popote, kwa kuwa kibarua hana likizo na kazi ilifanyika. Mwisho wa mwezi mkataba wake uliongezwa miezi mitatu.

Afisa Utumishi alikuwa amerudi mtu mpya, anacheka hata na madereva. Aliwasifia wakubwa ule utaratibu, na wakubwa wakakubali kwamba fomu za Mama Vifaa, ile chapa, ule mpangilio, hata ile rangi ya chai, ndizo ziwe fomu rasmi za likizo za stesheni. Zilipelekwa kiwandani zikapigwa chapa mia tano. Na kwa kuwa ilionekana ni kupoteza wino kila mfanyakazi kuandika jina lilelile kwenye mstari wa chini, jina hilo nalo likapigwa chapa kabisa.

Maboksi yaliletwa stoo Jumatatu moja asubuhi, yeye ndiye ayatunze. Mama Vifaa alifungua la kwanza kwa kisu, akatoa fomu moja, akaipeleka dirishani kwenye mwanga. Aliisoma mpaka chini. Katika miaka kumi na moja ilikuwa mara ya kwanza jina lake kupigwa chapa kwenye karatasi ya stesheni ile, na alilisoma polepole, jina lake na la baba yake, akitafuta kosa. Herufi zote zilikuwa sahihi.